Baiskeli Tatu, Gari Moja: Nani Atazinyanyua?

Msomaji wangu, mwezi huu naomba tuweke pembeni masuala ya wivu na meseji za usiku wa manane. Tuongelee baiskeli. Najua unajiuliza baiskeli zinaingiaje kwenye ukurasa huu, lakini nimeshuhudia wanandoa, watu wazima na heshima zao, wakinuniana siku tatu nzima kwa ajili ya vyuma viwili vilivyofungwa juu ya paa la RAV4. Sasa hiyo kama si ishu ya ukurasa huu, ni ya ukurasa gani?

Wengi wetu tulijifunzia kwenye Phoenix ya baba mdogo, mguu umepenyezwa chini ya bomba la juu kwa sababu kiti hatukifikii. Siku hizi tumekua, tuna kazi, tuna mkoko uani, na baiskeli zimerudi tena nyumbani: ya baba ya milimani yenye gia, ya mama, na ya mtoto yenye riboni kwenye mikono. Tatizo ni kwamba ukikaa Tabata au Sinza huwezi kumwambia mtoto wa miaka 8 atoke getini aingie Barabara ya Mandela na kibaiskeli chake. Malori, bodaboda, daladala zinazohama bila indiketa, thubutu! Kwa hiyo baiskeli inabidi zipande gari kwanza, ziende zikashuke mahali penye nafasi. Bagamoyo, kilomita kama 70 hivi. Au njia za vumbi kule Kigamboni. Au Pugu, kwenye msitu. Mbona raha.

Ila hapo kati, kutoka uani mpaka Bagamoyo, ndipo ngoma inapoanza.

Nina shosti wangu mmoja ambaye mumewe anafanya kazi ya kuzunguka mikoani. Wikiendi mbili kwa mwezi hayupo. Shemeji ni mtu makini, akifanya kitu anakifanya. Alipoona familia imepata baiskeli tatu, akachimba, akauliza, akalinganisha bei, mwisho akaleta keria ya juu, zile za kampuni ya Thule ya Sweden. (Kampuni hiyo, kwa taarifa yako, ilianza mwaka 1942 ikitengeneza mitego ya samaki. Keria za magari zilikuja baadaye kabisa, miaka ya 60.) Akaifunga mwenyewe, ikakaa sawasawa, majirani wakaja kuiangalia. Mlango wa nyuma unafunguka bila shida, namba ya gari inaonekana, taa zote ziko wazi. Kwa hesabu za kwenye karatasi, shemeji alipatia kila kitu.

Jumamosi moja yeye yuko Mwanza. Shosti amewaahidi watoto Bagamoyo. Paa la ile RAV4 liko kama mita 1.7 kutoka chini, na ukiweka keria linaongezeka. Shosti ana mita 1.55. Baiskeli yake ina kilo 14. Sasa hebu chukua ndoo ya maji ya lita 14, inyanyue juu ya kichwa chako, halafu isogeze mbele taratibu mpaka ikae kwenye kijia chembamba bila kugusa kitu pembeni. Na ndoo ingalau haina usukani unaogeuka kukupiga kidevu. Aliniita nimsaidie, tukaenda wawili, tukafanikiwa kupandisha ya mtoto tu. Akamvutia waya mumewe. Jibu la shemeji, kwa upole kabisa: "Si unisubiri nirudi?" Shosti akamwambia, "Nikusubiri wewe au nisubiri mikono yako?" Na simu ikakatwa.

Hapo ndipo zile siku tatu za kununiana zilipoanzia.

Nimeifikiria sana ile simu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na haki yake. Shemeji hakununua keria mbaya. Alinunua keria ya mwanaume mwenye urefu wa mita 1.80 ambaye yupo nyumbani. Kwa nyumba yenye mwanaume huyo kila Jumamosi, ni keria bomba. Kwa nyumba yao, maana yake ilikuwa kwamba mama na watoto wakitaka kutoka lazima baba awepo. Hakuna aliyetamka hivyo, na shemeji mwenyewe si mtu wa kumfungia mke ndani. Chuma ndicho kilichotamka. Na wanawake wengi wa hapa kwetu tumeshachoka vya kutosha na watu wanaotukodolea macho tukipanda baiskeli, hatuhitaji na gari letu lituwekee sharti jingine.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, kabla hujauliza rangi, swali langu la kwanza ni moja: kati yenu wawili, yule mfupi, au mwenye mgongo unaouma, au mwenye ujauzito wa miezi mitano, anaweza kupandisha na kushusha baiskeli iliyo nzito kuliko zote akiwa peke yake? Usijibu kwa mdomo. Nendeni uani, nyanyueni. Kama jibu ni hapana, keria hiyo ni ya mtu mmoja hata kama mmechangia hela wote.

Sasa tuzichambue zenyewe.

Ya juu nimeshaigusa, ila nikupe na mengine. Paa la gari halibebi chochote unachotaka. Kila gari lina kikomo chake cha uzito wa juu, na kwa magari mengi ya familia kikomo hicho kiko kati ya kilo 50 na 100, vyuma vya keria vikiwemo. Watu wanasahau hiyo ya mwisho. Piga hesabu: vyuma viwili vya kukingama, kilo 5. Vijia vitatu vya kulazia baiskeli, kilo 4 kila kimoja, 12. Baiskeli mbili za watu wazima za kilo 14, 28. Ya mtoto, 9. Jumla kilo 54. Kama gari lako kikomo chake ni 75 uko salama, kama ni 50 umeshazidisha na hujapakia hata kikapu cha chakula. Na kama mojawapo ni Phoenix ya chuma, ile ya kilo 20 na ushee, usiiweke juu kabisa. Kikomo kinaandikwa kwenye kitabu cha gari. Najua, najua, gari lilitoka Japani na kitabu kimeandikwa Kijapani kitupu. Siku hizi simu inasoma Kijapani ukiielekeza kamera, huna kisingizio.

Halafu kuna urefu. RAV4 yenye mita 1.7, ongeza keria, ongeza baiskeli iliyosimama yenye mita moja na kitu, unapata karibu mita 2.9. Wewe unaendesha ukijiona uko kwenye gari lile lile la kila siku. Geti la nyumbani lenye boriti juu, tawi la mwembe, sehemu za kuegesha chini ya majengo zenye kile kibao cha njano kinachoning'inia, vyote hivyo vinakusubiri siku umechoka. Wanaotumia keria za juu wenye akili zao wana ujanja mdogo: wanabandika kipande cha plasta ya rangi katikati ya usukani siku baiskeli ziko juu, na hawakibandui mpaka zimeshuka. Nimeupenda huo ujanja kwa sababu haumtegemei mtu kukumbuka.

Na upepo. Upepo unaosukuma mzigo hauongezeki sambamba na mwendo, unaongezeka kwa kasi zaidi. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 100, nguvu ya upepo kwenye zile baiskeli inapanda kwa zaidi ya nusu ya ilivyokuwa. Utaisikia kwenye mafuta, utaisikia kwenye kelele, na basi kubwa likikupita utaisikia kwenye usukani. Vibao vya 50 njiani safari hii viheshimu kwa faida yako mwenyewe, si kwa kumwogopa trafiki na tochi yake.

Keria za nyuma ziko za aina tatu, na hapa watu wanachanganya mambo.

Ya kwanza ni ile ya mikanda. Unaifunga kwenye mlango wa buti kwa ndoano na mikanda, baiskeli zinaning'inia kwenye mikono miwili. Ni rahisi kuliko zote, ni nyepesi, unaikunja unaiweka kabatini. Kwa watu wa kutoka mara tatu kwa mwaka inatosha. Ila angalia ndoano zinashika wapi. Zikishika kwenye bati la mlango sawa. Zikishika kwenye ile bawa ya plastiki juu ya kioo, au kwenye kioo chenyewe, acha kabisa. Na ikishafungwa, mlango wa nyuma husau kuufungua. Ukitaka maji ya mtoto yaliyoko kwenye buti, unafungua mzigo mzima.

Ya pili ni kwa magari yenye tairi la spea mgongoni, kama Escudo na RAV4 za zamani. Keria inakaa juu ya spea. Inabeba mbili, na uzito wote unaning'inia kwenye bawaba za mlango, basi. Kwa bwana na bibi wasio na watoto, nzuri.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda mimi, na sitajifanya sina upande. Ni ile inayokaa kwenye chuma cha kuvutia tela, nyuma chini. Kuna za kuning'iniza na kuna za kulaza, yaani kama kijukwaa, baiskeli inasimama kwa matairi yake kwenye vijia. Chagua ya kijukwaa. Baiskeli unainyanyua mpaka kwenye goti tu, unaweka tairi la mbele, kisha la nyuma, unafunga. Mtu wa mita 1.55 anaweza. Bibi yangu angeweza. Nyingi zinainama nyuma ukikanyaga kitu fulani kwa mguu, ukafungua buti ukachukua hayo maji ya mtoto.

Tena kuna sababu nyingine ya kijukwaa ambayo wauzaji hawaisemi mpaka uulize. Keria za kuning'iniza zimetengenezwa kwa baiskeli yenye bomba la juu lililonyooka, yaani baiskeli ya kiume ya mtu mzima. Mikono miwili ya keria inapita chini ya lile bomba, baiskeli inatulia. Sasa leta baiskeli ya kike isiyo na bomba hilo, au zile za mtumba za Kijapani zenye kikapu mbele ambazo tunazipenda kwa kuwa unapanda na sketi yako bila kasheshe. Inaning'inia wapi? Haina pa kuning'inia. Inalala upande, pedali inachubua ya jirani, usukani unagonga kioo. Na ya mtoto fremu yake ni fupi, ni hivyo hivyo. Vipo vyuma vya kuazima vya kufunga kati ya kiti na usukani ili kutengeneza bomba la bandia, vinasaidia, ila ni kitu cha kununua zaidi na cha kusahau nyumbani. Umeona lakini? Keria ya baba, baiskeli ya baba imekaa safi, ya mama na ya mtoto ndizo zenye matatizo. Kisha jioni mtu anauliza kwa nini mama siku hizi haji.

Gharama ya hii ya tatu ni kubwa, sikufichi. Unanunua vitu viwili: keria, na kile chuma cha tela ambacho magari yetu mengi hayaji nacho. Mafundi wa kuchomelea wa Gerezani wanakitengeneza, na wapo wazuri sana, lakini lala naye mguu sawa. Kifungwe kwa bolti kwenye fremu ya gari yenyewe, pande mbili. Bampa ni plastiki, haibebi mtu. Mwambie fundi unabeba nini: keria kilo 18, baiskeli zile zile 37, ni kilo 55 zinazoning'inia nyuma ya gari na kurushwa juu na chini kwenye kila tuta. Magari yenyewe nayo yana kikomo cha uzito unaokaa juu ya kile kichwa cha mviringo. Magari madogo huwa 50, makubwa kidogo 75. Kichwa chenyewe kiwe cha milimita 50, ndicho kipimo cha keria za Ulaya. Ukinunua ya Kimarekani mara nyingi inaingia kwenye tundu la mraba la inchi 2, ni mfumo mwingine kabisa. Amua keria kwanza, kisha nenda kwa fundi nayo mkononi. Usianze na chuma.

Keria zote za nyuma zina deni moja: zinaficha namba na taa. Sheria ya usalama barabarani inataka namba ionekane na taa ziwake, na trafiki akikusimamisha kwa hilo usianze kumlaumu, yuko sahihi. Dereva wa nyuma yako asipoona taa ya breki anaingia kwenye buti lako pamoja na baiskeli. Keria nzuri za kijukwaa zina ubao wake wa taa na mahali pa namba. Taa zake zinaunganishwa kwa waya, fundi umeme wa magari anamaliza kwa muda mfupi. Namba ya ziada si kitu cha kuchongesha mtaani, ulizia TRA utaratibu. Na angalia bomba la moshi linatokea wapi. Tairi la baiskeli likikaa mbele ya bomba la moshi kwa saa moja na nusu ya foleni, utashuka Bagamoyo na tairi limelainika kama chapati.

Nimebakiza njia ya bei rahisi kuliko zote, ya kuweka ndani. Hii inapendwa kwa sababu hununui kitu. Laza viti vya nyuma, toa tairi la mbele, tandika shuka kuukuu, lalisha baiskeli upande wa mnyororo ukiwa juu ili mafuta yasiende kwenye viti. Kama breki zako ni za diski zenye mafuta, weka kipande cha boksi katikati ya zile pedi kabla mtoto hajaibana breki tairi likiwa halipo, maana zikishabanana kuzifungua ni kazi. Wapenzi wawili kwenye RAV4 au Noah, baiskeli mbili ndani, hakuna wa kuiba kwenye foleni, hakuna mvua, hakuna upepo. Mimi ningekuwa sina watoto nisingenunua keria yoyote.

Lakini mkiwa na mtoto kiti cha nyuma, hapa naomba tuelewane bila utani. Nimeona Noah zinazopita, nusu ya kiti cha nyuma imelazwa, baiskeli imeegeshwa pale, na mtoto amekaa nusu iliyobaki, usukani uko sentimita 20 kutoka usoni kwake. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likagonga kitu likasimama ghafla, wewe una mkanda, mtoto ana mkanda. Baiskeli haina. Baiskeli inaendelea na safari kwa kilomita 50 kwa saa ile ile, kilo 14 za chuma, pedali na meno ya gia, mpaka ikutane na kitu cha kuisimamisha. Mpira wa tyubu uliofungwa fundo hauizuii. Hata shingo ya mtu aliyekaa mbele yake haipo salama. Baiskeli ndani ya gari ikae nyuma ya viti vilivyosimama, ifungwe kwa mikanda ya kukaza kwenye pete za sakafuni kama gari linazo, na isikae safu moja na binadamu. Kama nafasi haitoshi kwa namna hiyo, basi watu wamezidi kwa njia hii, tafuta nyingine. Hapo sina mjadala na mtu.

Nirudi kwa shosti na shemeji. Aliporudi kutoka Mwanza walikaa kimya chao mpaka Jumanne. Jumanne jioni shosti hakuhutubia. Alimwomba mumewe akae kwenye kiti cha plastiki uani, na kwa kuwa akiwa amekaa mikono yake inafika pale anapofika yeye akiwa amesimama, akampa ile baiskeli akamwambia, "Ipandishe." Shemeji akacheka, akajaribu, akaacha kucheka. Ile keria ya juu wakaiuza kwa mfanyakazi mwenzake shemeji, kijana mrefu hana mke hana mtoto. Hela haikutosha kununua ya kijukwaa, kwa hiyo wakakubaliana miezi miwili ya kuweka akiba, na katika hiyo miezi shosti na watoto walikuwa wanakodi baiskeli huko huko wanakokwenda. Shemeji bado analalamika kwamba ile ya juu ilikuwa inapendeza zaidi. Na kweli ilikuwa inapendeza.

Kuhusu hela, ushauri wangu kwa wanaume wanaosoma ukurasa huu kwa siri: keria usiilete kama sapraizi. Sapraizi leta maua, leta kitenge. Keria nendeni wote dukani, na gari lenu, na baiskeli iliyo nzito. Muuzaji anayekataa msijaribu kuifunga hapo hapo, mwacheni na duka lake. Na nyie kina dada, msikae kwenye gari na simu wakati bwana anachagua, kisha mje kulalamika Jumamosi. Shuka, nyanyua, sema. Kama inakushinda, mwambie pale pale mbele ya muuzaji, haina aibu. Kilo 14 ni kilo 14.

Mkishaipata, siku ya kwanza kuifunga isiwe alfajiri ya safari watoto wakiwa wameshavaa helmeti wanapiga kelele. Fanyeni siku ya kawaida jioni. Mmoja afunge peke yake mwingine akiangalia, kisha afungue, kisha mwenzake naye afanye hivyo hivyo. Mkanda tumieni wa kukaza wenye kibanio. Ile mipira ya tyubu tunayofungia magunia inavutika, na kinachovutika kinalegea. Toeni kiti cha mtoto, pampu, chupa za maji na takataka zote za kikapuni, kwa sababu baiskeli itafika na vitu vitabaki barabarani. Kiti msikifunike mfuko wa plastiki, unajaa upepo. Pitisheni kofuli la waya kwenye fremu zote mpaka kwenye keria, maana foleni ya Mwenge ina wajuzi wa kukata mikanda.

Kisha siku yenyewe mkishapita matuta matatu ya kwanza, egesha pembeni, shuka, tikisa kila baiskeli kwa mkono. Kama gari zima linatikisika nayo, endeleeni. Kama baiskeli inatikisika na gari limetulia, kaza tena. Akaze aliyeko karibu, yeyote yule.